Jina la Perla

Kwetu mtoto hapewi jina kwa sababu ni zuri. Hupewa la mtu. Binti yangu wa kwanza ni Waithira, kama mama mkwe. Wa pili ana jina la marehemu mama yangu. Alipozaliwa wa tatu, zamu ilikuwa ya dada za baba yake, lakini mume wangu Gatimu hana dada. Basi nikaamua kumpa jina la Cucu Ana.

Cucu Ana ni nyanya yangu wa kunilea, si wa damu. Ni mzungu mzee wa hapa Naro Moru, anafuga kondoo na kusokota sufu. Mama alikuwa akimfanyia kazi, na alipofariki mimi nilibaki palepale. Kila Jumapili Cucu huenda kanisani na rozari yake na kukaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Watu humpenda kwa sababu hana maneno mengi.

Nilimpelekea habari nikidhani atafurahi. Kwetu nyanya akipata mtoto wa jina lake husema amezaliwa upya. Yeye alisimamisha gurudumu la kusokotea na kusema hapana. Nikafikiri labda hataki jina lake lichukuliwe na mtoto wangu. Aliliona hilo usoni mwangu.

"Kwetu mtoto hapewi jina la mtu aliye hai," akasema. "Ni kama kumwambia huyo mtu aende, nafasi yake imeshachukuliwa. Na tena, Ana si mimi."

Alinieleza huku anasokota. Alizaliwa Poland, katika jamaa ya Wayahudi. Wakati wa vita Wajerumani waliiteka nchi ile, wakawa wanawakusanya Wayahudi, wakubwa kwa watoto, na kuwaua. Mkulima mmoja Mkatoliki alikuwa amefiwa na binti aliyeitwa Ana. Alikubali kuficha mtoto mmoja mahali pa yule binti. Mama yake Cucu alikuwa na wawili, yeye na Perla, ambaye alikuwa bado anajifunza kutembea. Perla alikuwa mtoto wa kulia sana, na mtoto anayelia hafichiki. Kwa hiyo akaenda Cucu. Perla na mama yao walichukuliwa, na hawakurudi.

Kule shambani alifundishwa ishara ya msalaba, Salamu Maria, na kutogeuka. Mke wa mkulima alikuwa akimwita ghafla kwa jina lake la zamani, akiwa anakula au anacheza, na akigeuka anachapwa. Mwishowe akaacha kugeuka. Vita vilipoisha, mjomba wake alikuja kumtafuta. Alisimama nje ya ua akamwita kwa jina lile. Yeye akaendelea kulisha bata. Mjomba akaita tena, na tena, sauti ikimkauka. Ilibidi yule mke wa mkulima amshike mabega amgeuze.

Mjomba ndiye aliyemleta Kenya. Hapa pia akabaki kuwa Ana. Alikuwa amezoea, na hakuna aliyeuliza.

Nikamuuliza kama naweza kumwita mtoto Perla. Alisokota hadi sufu ikaisha mkononi.

"Mwite," akasema. "Lakini mimi usinitaje."

Nikaahidi.

Kina mama wa kanisa walikuja kumwona mtoto, na ndizi kwenye vikapu na uji kwenye chupa. Mama mkwe akauliza jina. Nikasema.

"Ati Perla? Huyo ni wa nani?"

"Huyo ni wa kwenye televisheni," akasema Watiri, mwenyekiti wao, na wote wakacheka.

Mama mkwe Waithira hakucheka. Alisema mtoto wa Gatimu hawezi kupewa jina la hewani, na kama mimi sina mtu, yeye anao dada zake, atachagua mmoja sasa hivi kabla uji haujanywewa. Akaniuliza tena ni wa nani. Nikaangalia sakafu.

Cucu alikuwa amekaa karibu na mlango, kikombe mkononi. Akakiweka chini.

"Ni dada yangu," akasema. "Mdogo wangu. Aliuawa wakati wa vita kwa sababu sisi ni Wayahudi. Mimi nilifichwa. Hilo Ana ni la mtoto wa wenyewe. Mimi ni Gitla."

Watiri alishika mdomo. Nje kondoo mmoja alilia, mwingine akaitikia. Waithira akauliza kama yule dada aliacha mtoto.

"Alikuwa hata hajaacha kunyonya."

"Kwa hiyo hakuna mwenye jina lake."

"Hakuna."

"Basi ni wa mtu," akasema Waithira. "Ungesema mapema tusibishane na uji unapoa." Akamchukua mtoto kwangu, akamweka magotini pa Cucu. "Kwa desturi yetu huyu sasa ni mdogo wako. Utambeba, hata kama umezeeka."

Mtoto akaanza kulia, kwa nguvu, miguu ikipiga shuka. Watiri akanyoosha mikono amchukue ili nimnyonyeshe.

"Mwache kidogo," Cucu akasema. "Mwache alie."