Mfano wa Kweli

Darasani kwangu mifano ya kubuni ni marufuku. Ukinitajia Tomu wa vitabuni aliyekosana na Meri, nakuketisha. Nataka mfano wa kwenu, uliotokea. Sheria hiyo niliitunga mwenyewe, na juzi ikanigeukia.

Niliandika ubaoni "fall out". Nikafafanua: Waingereza husema hivyo watu wakikosana, pengine hadi wasisemezane. Lakini lazima kwanza wawe walikuwa wakipatana. Ukigombana na mpita njia tu, haisemwi hivyo. "Haya, mfano!"

Akasimama binti wa dada yangu. Hata hakunitazama. Akasoma, kwa Kiingereza safi nilichomfundisha mimi, kwamba mama yake amekosana na mdogo wake, kwa sababu huyo mdogo alichukua cherehani ya bibi bila kuuliza.

Darasa zima linajua huyo mdogo ni nani. Wakaangua kicheko. Jamani! Mimi niliyemuuguza mama miezi minane, leo nianikwe mbele ya watoto? Kengele ilipolia nikakamata daftari lake, moja kwa moja hadi kwa dada. Mwaka mzima sikuwa nimekanyaga pale.

"Haya ndiyo unayomlisha mtoto?" nikafoka mlangoni.

Dada ni fundi nguo. Alikuwa ameinamia gauni la bibi harusi, anashona pindo kwa mkono, kidole kimefungwa kitambaa. Kwa mkono! Na cherehani iko sebuleni kwangu, nimeiwekea televisheni juu. Mimi hata kifungo sijui kushona.

Akasoma polepole. "Kosa liko wapi, mwalimu?"

Nikalitafuta kosa kwa udi na uvumba. Halikuwepo.

"Si ungekuja kuiomba!" nikasema.

"Si ungeuliza kabla ya kuibeba! Mama hata hajazikwa, wewe huyoo na cherehani."

Nilikuwa na la kujibu, tena mengi. Lakini uzi ulimkatikia. Akaulowesha mate, akaanza kutafuta tundu la sindano, akalikosa, akalikosa tena. Macho yake hayajawahi kuwa mazuri. Nikatoa kalamu nyekundu, nikaitia sentensi ile alama ya vema.

"Kesho unaipata cherehani."

"Ni nzito ile. Nitamtuma binti akusaidie."

"Mwache mtoto!" nikafoka, maana hasira zilikuwa bado zimenijaa. "Njoo mwenyewe, dada. Tuibebe wawili."