Alama za Mwanahamisi

Modeli ninayoifuata kuandaa mafunzo ina hatua tano, na ya kwanza ni kuwachambua wanaojifunza. Fomu yake niliijaza ofisini Tanga kwa nusu saa: umri, elimu, miaka kazini. Kisha nikapanda Lushoto kuwafundisha wapokeaji wa kituo kimoja cha kukusanya maziwa namna ya kuyapima kwa spiriti, ambayo huyagandisha yaliyoanza kuharibika, kabla ya kuyamimina kwenye tangi.

Nadharia inasema mtu mzima hujifunza vizuri akimfundisha mwenzake. Nikawapanga wawili wawili kwa kufuata orodha ya majina. Mwanahamisi, mpokeaji mkuu kwa miaka kumi na saba, nilimweka na Twaha, aliyeajiriwa Machi. Alitakiwa kumtazama Twaha akipima na kumwambia alipokosea. Hakusema neno. Alitazama sakafu, Twaha akatazama ukuta. Dakika kumi zilipokwisha nilimwandikia Mwanahamisi nne kati ya ishirini, na jioni nikasoma alama zote mbele ya watu.

"Miaka kumi na saba, alama nne," alisema Secilia, mpokeaji mwenzake, na watu wakacheka.

Baada ya wiki tatu nilirudi kufanya tathmini. Kwenye meza ya kupokelea alikaa Secilia. Mwanahamisi alikuwa nyuma akiosha madumu. Silvano, meneja wa kituo, alieleza kwamba alifuata ripoti yangu.

Nilimwendea Mwanahamisi, nikamwamkia. Aliitikia marahaba bila kuacha kusugua. Nikamuuliza kwa nini siku ile alinyamaza.

"Wewe si wa Malindi, hapa hapa Lushoto?"

"Ni wa Malindi, mama."

"Na kwenu mama mkwe humkosoa mkwewe usoni, watu wakitazama?"

Twaha amemwoa binti yake. Kituo kizima kilijua, mimi sikuuliza. Baba yangu mwenyewe aliiacha njia kila alipomwona bibi mzaa mama akija. Nililijua hilo tangu utotoni. Fomu haikuwa na nafasi yake, nami sikuitafuta.

Kesho yake nilimpima tena, peke yake, kwa madumu ishirini. La kumi na moja alilikataa kwa harufu tu, na spiriti ikathibitisha. Alipata yote. Katika ripoti mpya niliandika kwanza kwamba matokeo ya awali yaliathiriwa na mazingira ya mafunzo. Nikafuta. Nikaandika kwamba lilikuwa kosa la mkufunzi. Silvano alisaini, akasema Jumatatu Mwanahamisi atarudi mezani.

Nilidhani yamekwisha. Nilipompa nakala hakuipokea.

"Zile nne ulizisoma mbele ya watu," alisema. "Na hii isome."

Wafanyakazi walikusanyika. Twaha alitoka, akasimama nje ya mlango akiwa amegeuza mgongo, ili mama mkwe wake akae kwa amani. Nikasoma. Nilipofika kwenye kosa, sauti yangu ilishuka.

"Wa nyuma hawajasikia, mwanangu," alisema Mwanahamisi.

Nikarudia.