Mkono Juu ya Matope ya Mtera

Mzazi mwenzangu, kama mwanao amejiunga na watu wa kutazama ndege, nisome kwanza kabla hujamfungia chakula cha safari. Mimi niliishia darasa la saba, sina maneno ya kupamba. Ninachoandika nimekiona kwa macho haya, pale Mtera, na mpaka leo nikisikia bata wanaruka naweka mkono kifuani.

Binti yangu Erica ni mtu wa ndege tangu utoto. Wenzake wakicheza rede, yeye yuko ukutani anamwangalia chiriku. Alipoanza chuo hapa Dodoma akaingia chama cha watazamaji ndege cha kanda yetu. Mwenyekiti wao ni Mwalimu Zablon, mstaafu, Mgogo mwenzetu, mpole, mwenye darubini kubwa ya miguu mitatu ambayo anaibeba kama mtu anavyobeba mjukuu. Kila mwezi wanakwenda bwawani Hombolo au porini, wanahesabu ndege, kisha wanakaa na chai na kubishana. Huyu si kipanga, ni mwewe. Mwewe gani mwenye mkia ule? Chai inapoa, wao bado wako kwenye mkia. Mimi nilikuwa nasema, afadhali ndege kuliko vijana wa bodaboda.

Sasa sikilizeni sheria yao, maana yote yalianzia hapo. Wakihesabu wanapanga mstari, wameachana mbali, kila mtu na kipande chake. Nguo ni za rangi ya udongo. Simu zimezimwa. Hakuna kuongea. Mtu akiona ndege wa maana anainua mkono mmoja juu, anaukaza hapo hapo. Wenzake wakiuona ule mkono wanachuchumaa palepale, hawasogei, mpaka mkono ushuke. Ukishuka, wanainuka na kuendelea. Ndiyo heshima yao, na anayeivunja anachekwa.

Erica aliwahi kuivunja. Siku moja Hombolo ndege mwari alitua karibu naye, akapiga kelele za furaha, bwawa zima likaruka. Tangu hapo akaitwa Honi. "Honi, leo umekula nini?" "Honi, usilie mpaka tufike stendi." Violeth, msichana mwenzake wa chuo, ndiye aliyempa hilo jina, na wakubwa wakacheka. Erica akinisimulia alicheka pia, lakini mimi nilikuwa nimekaa naye jikoni, nikaona anavyosugua sufuria iliyokwisha takata.

Ikaja hesabu ya ndege wa majini, kule bwawa la Mtera. Nikakataa. Mtera kuna viboko, kuna mamba, nani asiyejua? Erica akanuna, hata ugali akauacha. Mwalimu Zablon akaja mwenyewe nyumbani.

"Mbukwa, Mama Erica."

"Mbukwa, mwalimu."

"Nasikia umemfungia ndege wangu kwenye tundu."

"Ndege wako hajui kuogelea, mwalimu."

"Nani kasema tunaingia majini? Tunatembea ukingoni tu. Basi njoo na wewe, utupikie. Sisi tutakula vitumbua, wewe utamwona mwanao kwa macho yako."

Nikaenda.

Tulilala nyumba ya wageni, na kulipopambazuka tukashuka bwawani. Kilikuwa kiangazi. Maji yalikuwa yamerudi nyuma sana, yakaacha uwanja mpana wa matope, na kwa upande wa kushoto majani marefu na matete. Matope yale ni ya udanganyifu: juu yamekauka kama ukoko wa ugali, chini bado ni uji. Na ndege, jamani! Weupe, weusi, wa miguu mirefu, wa midomo iliyopinda, kama mtu amemwaga mchele na choroko kwenye mkeka mmoja. Hata mimi nilisahau kuwasha moto.

Mwalimu akatazama kitenge changu, chekundu cha maua ya njano.

"Mama Erica, wewe na bustani yako mbaki hapa kwenye gari. Ndege watakuona mpaka wale walioko Iringa."

Wakacheka wote. Nikamvuta Erica pembeni.

"Usiende mbali."

"Mimi ni wa mwisho kwenye mstari, mama. Kule kwenye matete."

"Ukiona kitu kibaya, piga kelele."

Akawaangalia wenzake kwanza, ndipo akaninong'oneza: "Mama, nikipiga kelele leo, chama ndiyo basi tena."

Wakaondoka. Mimi na Faridi, dereva wetu, mtu wa Kondoa, tukabaki kwenye mwinuko. Nikawa nachoma vitumbua, jicho moja kwenye chuma, jicho moja kwenye mstari. Nguo zao ziliwameza, ukitazama unaona udongo tu. Erica nilimjua kwa mwendo wake, mwisho kabisa kushoto, majani yakimfika kiunoni.

Kisha nikaona mkono wake umepanda. Mstari mzima ukachuchumaa.

"Ameona heroe huyo," Faridi akasema.

Nikafurahi. Leo Honi kawaonyesha. Nikageuza kitumbua, nikatazama tena. Mkono bado uko juu. Nikageuza kingine. Bado.

Majani yaliyokuwa kiunoni sasa yalikuwa yanamfika kifuani. Nikajiambia labda na yeye kachuchumaa. Lakini aliyechuchumaa haegemei mbele namna ile, na ule mkono haukuwa umetulia. Vidole vilikuwa vinafumba na kufumbua, kama alivyofanya utotoni akiwa na homa, akitaka nimnyanyue kitandani.

"Faridi, huyu mtoto amekwama."

"Ameona ndege, mama. Ndiyo alama yao."

"Na wanakaa hivyo mpaka lini?"

"Mpaka ndege aondoke."

"Na kama hakuna ndege?"

Faridi akakuna kichwa. Mimi nilikuwa nimeshatupa kijiko.

Mwalimu Zablon ndiye aliyekuwa karibu nasi. Nikamfikia mbio, amepiga goti nyuma ya darubini yake. Kuniona tu, akaweka kidole mdomoni. Nikamwambia mtoto amekwama. Akanipungia mkono: chuchuma, chuchuma. Darubini yake ilikuwa inatafuta kule mbele, upande alikoelekea Erica. Nikatazama wengine, wote vilevile. Macho yote yale, vioo vyote vile, vinamtafuta ndege. Hakuna hata kimoja kilichomtazama mwanangu.

Nikaishika darubini, nikaigeuza kwa nguvu. Mwalimu akashtuka kama nimemvuta ndevu.

"Mtazame yeye," nikasema. "Mtazame mtoto."

Akatazama.

"Tope limemfika mapajani," akasema, na bado ananong'ona. Ananong'ona! Kisha akaisogeza darubini kidogo upande, kwenye majani, akaikaza hapo.

"Nini? Nini, mwalimu?"

"Kiboko. Anarudi kutoka malishoni."

Kiboko usiku anakula nchi kavu, asubuhi anarudi majini, na ole wake mtu atakayekutwa kati yake na maji. Erica alikuwa pale katikati, amesimikwa kama nguzo ya uzio, mgongo kaugeuzia majani.

Mwalimu akanishika kiganja. "Usipige kelele, mama. Akishtuka atakimbilia majini, na njia yake inapita pale."

"Na tukinyamaza?"

"Huenda akasimama."

"Na tope nalo litasimama?"

Nilijaribu kunyamaza, Mungu anaona, nilijiziba mdomo kwa kitenge. Lakini mkono wa Erica ulichoka. Ukashuka. Na wale wenzake, kwa vile mkono umeshuka, wakainuka kwa utaratibu wao, wakapangusa magoti, wakaanza kusonga mbele na hesabu. Wakampa mgongo.

Hapo koo lilifunguka lenyewe.

"Ericaaa!"

Bwawa likaruka. Mabawa yakavuma kama mvua juu ya bati, jua likazimika. Na chini ya kelele ile majani yakapasuka, kiboko akatoka.

Sikujua kitu kizito namna ile kinaweza kukimbia.

"Lala!" Ni Mwalimu Zablon huyo, anapaza sauti mpaka inakatika. "Erica, lala chini! Lala!"

Nikamwona Erica anajitupa ubavu kwenye tope. Nikafumba macho. Mama gani anafumba macho? Mimi. Nikasikia matope yanachapwa, kisha maji yanapasuka, kisha kimya. Nilipofumbua, kiboko yuko majini, masikio tu yanaonekana. Mtaro wa nyayo zake ulimpita mwanangu kwa umbali wa upana wa kitanda tu. Tope alilorusha lilikuwa limemfunika nywele zote.

Lakini alikuwa anakohoa. Sijapata kusikia kikohozi kitamu namna ile.

Kumtoa ilikuwa kazi nyingine, maana kila aliyesogea alianza kuzama. Mwalimu akaikunja darubini yake miguu yote mitatu, akasema itumike kama fimbo. Wakatandika makoti juu ya tope. Aliyelala kifudifudi juu ya makoti, jamani, ni Violeth, kwa kuwa ndiye mwepesi kuliko wote. Nikamfunga kitenge changu kiunoni, sisi wengine tukashika ncha. Akatambaa mpaka Erica akaishika ile miguu ya darubini.

"Viatu, Honi! Viache viatu!" Violeth akawa analia huku anavuta.

"Vimeshaondoka vyenyewe," Erica akajibu. "Wewe vuta!"

Tukavuta, na macho yetu yako kwenye yale masikio majini. Tope likamwachia kwa sauti mbaya. Alipofika mikononi mwangu nilimchapa kofi la bega kwanza, ndipo nikamkumbatia.

Kwenye gari vitumbua vilikuwa makaa. Mwalimu alikaa chini anafuta kioo cha darubini kwa shati lake, kioo chenyewe kimeshapasuka.

"Mama Erica," akasema taratibu, "kelele zako ndizo zilizomtoa yule kiboko."

"Kweli," nikasema. "Na mlikuwa mmeshampa mgongo. Ningefanyaje, mwalimu?"

Akaendelea kufuta.

Nikamuuliza Erica kwa nini hakuita. Aliniambia yeye hakuwa amemwona kiboko kabisa, kilichomnyamazisha si kiboko. "Nilijua mkono watauona. Halafu nikawaza, nikiita na ndege wakaruka, watasema..." Violeth alikuwa ameketi pale pale, tope mpaka nyusi. Akainamisha kichwa.

Basi nawaambia ninyi wenye watoto: maji na kiboko mnavijua, sina haja ya kuwafundisha. Muulize mwanao, ukikwama alama yako ni ipi? Akikosa jibu, asitoke mlangoni. Na muulize wenzake wanamwitaje. Mtoto aliyechekwa kwa kupiga kelele atazama kimya kimya, na watu wazima wenye akili zao watachuchumaa wakimngojea ndege.

Kikao cha chama kilichofuata nilikwenda, ingawa sikualikwa. Nikataka filimbi kwa kila mtu, na wa mwisho kwenye mstari asiwe peke yake. Mzee mmoja akasema filimbi zitaharibu hesabu.

"Hesabu ya Mtera nimeiandika sifuri," Mwalimu Zablon akasema. "Na nilipoiandika nilimshukuru Mungu." Wakapitisha.

Jumamosi hii wanakwenda Hombolo, na Erica yumo. Sitasema nimetulia. Nimemnunulia filimbi ya mwamuzi wa mpira, nikamwambia aipulize uani niisikie. Akapuliza kidogo, kwa haya.

"Hapana," nikasema. "Puliza kama kiboko yupo nyuma yako."

Akavuta pumzi, akapuliza. Kuku wote wakakimbilia jikoni, na Mama Gerson wa nyumba ya pili akatokea uzioni na mwiko mkononi.

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu, jirani," nikamjibu. "Ni Honi huyu."

Erica akacheka, akaipuliza tena, hata sikuwa nimemwambia.