Raketi ya Dalali

Mume wangu Khatib ni dalali wa samaki pale Tumbe, na mkono wake una ugonjwa wa kazi. Bei ikifika anapotaka, hupiga ubao, pwaa, samaki kapata mwenyewe. Nyumbani hupiga meza chai ikimkolea. Kokote anakofurahi, lazima kitu kipigwe.

Jumamosi ilikuwa fainali ya mpira wa meza katika ukumbi wa skuli, na mshindi ndiye atakayekwenda Unguja kuichezea Pemba. Khatib aliitaka safari hiyo mpaka akawa anaomba dua kwa sauti. Kila mwaka Talib wa Kojani humfunga kwenye fainali, naye hurudi nyumbani akasusa chakula. Mimi nimechoka kupikia paka.

Safari hii wakafika seti ya mwisho, Talib yuko mbele, tisa kwa nane. Khatib akaupiga mpira pembeni kabisa ya meza, Talib hata hakuuona. Tisa kwa tisa! Mume wangu, kwa raha zake, akapiga meza. Pwaa! Mpini ukabaki mkononi, raketi ikaenda chini ya viti vya wageni.

Mwamuzi, Mwalimu Maryamu, akasimama.

"Bwana Khatib, raketi haibadilishwi katikati ya mchezo ila ikivunjika kwa bahati mbaya. Kama umeivunja kwa hasira, utamaliza na hicho kipini."

"Wallahi sikukusudia, Mwalimu! Mkono tu huno!"

"Mkono wa nani?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikainuka na buibui langu.

"Mwalimu, ntu hukasirika akipata? Huyu hupiga akifurahi. Waulize watu wa Tumbe."

Watu wa Tumbe walijaa tele, wakaitikia kwa pamoja. Maryamu akafikiri, kisha akakubali kuwa ni bahati mbaya. Lakini Khatib hakuwa na raketi nyengine. Talib, muungwana wa watu, akafungua mkoba wake akatoa ya akiba.

"Chukua, sheikh. Wasije wakasema nimeshinda kipini."

Ilikuwa mpya, raba yake yanata. Khatib akaanzisha, mpira ukadunda upande wa Talib, ukapinda ukashika njia ya mlangoni. Kumi kwa tisa. Talib akaikodolea macho raketi yake mkononi mwa Khatib.

"Mwalimu, naona bora airejeshe, tumtafutie nyengine."

"Imevunjika?"

"La."

"Basi haibadilishwi."

Talib akarudi mezani amekunja uso. Mpira uliofuata aliupiga kwa nguvu zake zote, ukatoka nje. Kumi na moja kwa tisa, Khatib kashinda!

Nilidhani Khatib atarukaruka. Alikaa sakafuni akalia, mtu mzima na ndevu zake, na mimi nikalia kule nilikokaa bila ya haya. Talib akamwendea, akampa mkono, akamwinua.

"Nenda nayo Unguja," akamwambia. "Lakini ukifungwa huko, usije ukanambia raketi mbovu."