Mikaratusi ya Febronia

Mikaratusi ya Febronia ilipovunwa mara ya kwanza pale Sepuka, wanunuzi walichukua magogo tu. Majani, matawi na magome vilibaki shambani, vimerundikana hadi magotini. Shemeji yake Manase, ambaye shamba lake lilipakana na la Febronia, naye alikuwa amevuna. Yeye hakungoja, akawasha kiberiti. Shamba likabaki jeupe kwa majivu.

"Shemeji, choma," alimwambia. "Utafuga nyoka humo."

"Sichomi. Udongo wetu kichanga, na hii miti imeula miaka minane. Nikichoma, nitaurudishia nini?"

Hakuwa amesomea misitu. Aliyoyajua aliyaona kwenye alizeti: mabua yakiozea shambani, mwaka unaofuata vichwa vinakuwa vipana. Basi akatandaza takataka zile katikati ya mistari, akaacha visiki wazi vipate kuchipua. Kiangazi kizima alisomba samadi kwa mkokoteni, akamwaga kuzunguka kila kisiki. Watu wakacheka. Mti nao unatiliwa samadi? Kanisani akina mama wakambandika jina, Mama Takataka. Alicheka nao, ila njiani kurudi nyumbani lilimuuma.

Mwaka wa kwanza machipukizi ya Manase ndiyo yaliyotangulia, maana majivu yaliyasukuma. Mwaka wa pili mvua ikakatika mapema. Ya Manase yakapiga umanjano, ncha zikakauka. Ya Febronia yakazidi kushamiri kwa kijani, na kila alipofukua majani yaliyooza alikuta unyevu na minyoo.

Habari zikafika wilayani. Bwana misitu akaja na wakulima kutoka Iramba, akapima unene wa miti ya Febronia, akapima tena.

"Nani alikushauri?" akamuuliza.

Manase ndiye aliyejibu, kabla Febronia hajafungua kinywa. "Hakushauriwa na mtu. Mimi nilimwambia achome, akakataa. Nikachoma langu, na mnaliona."

Febronia akakaza khanga yake kiunoni, akawaongoza wageni katikati ya mistari.

Mzee mmoja wa Iramba akavua kandambili, akakanyaga. Mguu ukadidimia taratibu. Akainama, akachota gao la udongo mweusi, akaunusa.

"Shikamoo, mzee," Febronia akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hivi huu nao ni udongo wa Sepuka?"

"Ni wa Sepuka," akasema, na hakushusha macho. "Nimeutengeneza mimi."