Siku Masue Alipojimwagia Maji Dukani

Umewahi kunywa chai yenye ladha ya sabuni? Mimi nimeinywa, tena nyumbani kwa dada yangu Masue, mwezi wa tano, majani mapya ya mwaka ndiyo kwanza yameingia. Nikameza funda moja, nikabaki na kikombe hewani. Kanae, mke wa mwanawe, alikuwa amelisugua buli kwa sabuni ya vyombo mpaka ndani. Buli lenyewe la udongo mtupu, linalokunywa kila linachotiwa! Lile husuuzwa kwa maji ya moto tu, basi. Kanae aliinama kuomba radhi mpaka paji la uso likagusa mkeka, akasema atanunua jingine.

Kesho yake tukaenda watatu dukani kwa Bwana Sugie, huko juu kwenye matanuri ya wafinyanzi wa Tokoname. Rafu zimejaa mabuli mekundu kama matofali, meusi, mengine madogo kama ngumi ya mtoto, kila moja na mpini wake mfupi mnene umetokeza ubavuni, upande wa mkono wa kulia. Bwana Sugie hakuuzii buli mpaka umimine maji nalo mbele yake.

Kanae alishachagua. "Hili, Mama. Lina maua ya plamu, na kifuniko hakichezi."

"Zuri," akasema Masue. Kwa dada yangu kila kitu ni kizuri. Mpe kiatu kimoja, atakwambia kinatosha.

"Haya mimina, ulipime."

"Mimina wewe tu."

"Mama jamani, buli ni lako!"

Bwana Sugie akalijaza maji ya vuguvugu, akalisogeza. Likateleza kwenye ukingo wa meza. Masue akaudaka mpini upesi kuliko paka, kwa mkono wa kushoto, na mdomo wa buli ukamgeukia yeye mwenyewe. Maji yote mapajani!

"Mama!" Kanae akapiga ukelele.

Mimi sikuyatazama maji. "Dada, mkono gani huo?"

Akauficha chini ya meza kama mwizi. "Ndio mkono wangu, Fusae. Mama aliufunga kwa mkanda wa kimono, wewe hujazaliwa bado. Ukashika adabu."

Nimelala naye chumba kimoja utoto wote, nimemcheka miaka na miaka kwa kumwaga vidimbwi vya chai kuzunguka kila kikombe alichomiminia, na sikujua!

Bwana Sugie akainamia rafu ya chini, akatoa buli jekundu lenye vumbi. Mpini wake ulikuwa upande wa pili.

"Hilo si limekosewa?" Kanae akauliza.

"Halijakosewa. Ni la watu wa mkono wa kushoto. Jaribu, bibi."

Masue akalishika. Maji yakashuka kama uzi, bila sauti, na mwishoni akalitikisa kidogo likadondosha tone la mwisho, lile lenye utamu wote. Mezani hapakuwa na unyevu hata kidogo. Nikasahau kufunga mdomo.

"Lakini Mama," Kanae akanong'ona, "nyumba nzima tunatumia mkono wa kulia. Wakija wageni nitawamiminia vipi? Si nitajimwagia kama wewe?"

"Ni kweli," Masue akasema, akalirudisha taratibu. "Tuchukue lenye maua."

Nikamfinya. "Yaani uoge maji ya moto mpaka ufe?"

"Fusae, usinitie aibu mbele za watu."

Bwana Sugie akatazama chini, akaanza kulifunga lenye maua. Karatasi ya kwanza, karatasi ya pili. Alipovuta kamba, Masue akaweka kiganja cha kushoto juu ya kifurushi, waziwazi, watu wote tukiona.

"Hili mfungie Kanae la wageni," akasema. "Mimi nataka lile jekundu. La kwangu."