Mikono Yangu Ilipohamia kwa Wifi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimenyang'anywa mikono nikiwa nimeshika birika la chai, na hakuna aliyeniuliza kama inauma.

Kwanza niseme yaliyotokea mchana, kwa sababu ndoto yenyewe haikuanzia hewani. Nyumbani kwetu Makorora walikuja wageni kutoka Muheza kuleta posa ya wifi yangu Shemsa, mdogo wake mume wangu. Niliwaokea keki nne, zile ndefu za kwenye kopo la mkate: ya nazi, ya ndizi, ya machungwa na ya tangawizi. Nazi niliikuna mwenyewe, mkaa niliuwasha mwenyewe, na moshi niliula mwenyewe. Shemsa alikuwa chumbani na kioo.

Wageni walipoonja, shangazi wa kijana, mama mmoja mnene wa heshima aitwaye Bi Sauda, akauliza keki zimeagizwa wapi. Shemsa akainamisha macho kama mwari. "Nimejaribu tu, shangazi," akasema.

Mama mkwe wangu, Bi Maimuna, akamshika viganja, akaviinua ili watu wavione. "Hii ndiyo mikono ya binti yangu," akasema.

Nilikuwa nimesimama palepale na birika. Nikamtazama mume wangu, Mbaraka. Alikuwa na kipande cha tatu cha keki ya tangawizi mdomoni. Akameza, akapangusa ndevu, akasema, "Shemsa kajitahidi."

Nikaosha vyombo, nikalala bila kusema na mtu. Hasira ilikuwa imekwama kooni kama mwiba wa samaki.

Usingizini najikuta sebuleni palepale. Wageni ni walewale, birika ni lilelile. Bi Maimuna anasema tena, "Hii ndiyo mikono ya binti yangu." Safari hii mikono yangu inamsikia, na inamtii.

Inaweka birika mezani taratibu. Inajipangusa kwenye kanga yangu. Halafu inajichomoa vifundoni, bila damu wala kelele, inatambaa juu ya mkeka katikati ya visahani, inapanda mapajani kwa Shemsa na kujipachika. Mikono yake mwenyewe ilikuwa imekwisha kudondoka. Bi Maimuna akaiokota, akaifunga kwenye leso safi, akaiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni.

"Samahani," nikasema. "Hiyo mikono ni yangu. Kidole gumba kina kovu la oveni."

"Usitutie aibu mbele ya watu, Mwantumu," akasema Bi Maimuna. "Mikono haiandikwi jina."

Nikamgeukia mume wangu. "Baba Nasri, mikono yangu imekwenda kwa dada yako."

Mbaraka akatazama huku, akatazama kule. "Si imo humuhumu ndani?" akasema, akachukua kipande kingine.

Bi Sauda akaweka kikombe chini. "Sisi tumeridhika na mikono hii," akasema. "Tutaondoka nayo leo pamoja na bibi harusi. Ila kwetu kuna desturi. Bibi harusi aoke tena tukimwona, keki nne, kila moja na ladha yake. Zikiiva, mikono ni ya Muheza."

Wageni wakaitikia kwamba ni haki. Nikataka kupiga meza, nikakumbuka sina cha kupigia.

Sebule ilikuwa imeshakuwa jiko na hakuna aliyestaajabu. Oveni yangu ya mkaa ilikuwa imeketi kwenye kiti cha marehemu baba mkwe, imevaa makaa kichwani kama kilemba. Makaa yalikuwa yamezimika.

"Bibi harusi asogee," ikasema oveni. "Apige mayai."

Shemsa akasogea. Mayai yalikuwa yamepangwa mstari mezani. Mikono yangu ikainuka, ikayapiga makofi, moja baada ya jingine.

"Tumekosa nini?" likauliza yai la kwanza, shavu limeingia ufa.

"Sijui," akasema Shemsa. "Nimeambiwa niwapige."

Yai likanitafuta kwa macho hadi likaniona nyuma ya wageni. "Asubuhi mikono hii iliwapasua ndugu zetu kwa adabu," likaniambia. "Imekuwaje?"

Nikaona haya kwa kosa lisilo langu, na hilo likanizidishia hasira.

"Nazi," ikasema oveni.

Shemsa akavuta mbuzi ya kukunia, akataka kuikalia. Mbuzi ikasimama kwa miguu minne, ikawa mbuzi kweli, mweusi, mwenye ndevu, na meno ya chuma.

"Leo sikaliwi," akasema mbuzi. "Nimechoka kukaliwa."

"Hata mimi," nikasema.

Mbuzi akanitazama muda mrefu huku akitafuna. Alikuwa amekwisha kula nazi yote pamoja na kifuu. "Wewe nani kakukalia?" akauliza.

"Ukoo mzima," nikasema.

"Basi simama," akasema mbuzi.

"Nimesimama tangu asubuhi."

"Umesimama na birika," akasema. "Huko si kusimama." Akatoka nje kupitia ukutani.

Shemsa akamimina unga kwenye bakuli, akatia ndizi, akatia maji ya machungwa, akatia tangawizi, vyote pamoja, akaanza kukoroga. Akakoroga na kukoroga. Mimi hukoroga unga kidogo tu, ukishikana naacha. Nilitaka kumwambia. Nikanyamaza makusudi, kwa kinyongo.

"Basi, dada," ukasema unga. "Unanichanganya."

Shemsa akazidi kukoroga.

"Nimechanganyikiwa sasa," ukasema unga, sauti inatetemeka. "Sijui mimi ni wa ndizi au wa machungwa. Nyumbani kwetu ni wapi? Nani alinileta hapa?"

Ukaanza kulia. Wageni wakatazama sakafu, kama watu wanavyofanya mambo ya nyumba ya watu yanapoharibika mbele yao. Mbaraka peke yake ndiye aliyeendelea kula.

Shemsa akaniegemea sikioni. Uso wote ulikuwa na unga, na jasho limechora mifereji. "Wifi, nisaidie," akanong'ona. "Mikono yako hainisikii."

"Sema ni ya nani."

"Nitasemaje, wifi? Wameshakula. Mama ameshawaambia."

"Na mimi nitaokea nini kesho?"

Alikuwa anaogopa kweli. Nilimhurumia kidogo, na huruma hiyo ikaniudhi, kwa sababu mimi nilipokuwa nameza moshi hakuna aliyenihurumia.

"Kazi imesimama," ikatangaza oveni. "Sijapata moto. Humu ndani nani ana moto?"

"Ninao mimi," nikasema.

Watu wakanipisha. Oveni ikaniita karibu, ikanifungua kinywa kama inavyofungua mlango wake yenyewe, ikatia mkono kupima. Ikautoa haraka na kuupuliza.

"Upo," ikasema. "Lakini wote uko juu. Moto wa namna hii unaunguza mgongo wa keki, ndani inabaki uji. Ukiutumia hivi utamrarua wifi yako, utamtukana mama mkwe, watu watasema mke wa Mbaraka ana wivu. Halafu mikono itakwenda Muheza na hutapata wa kumdai."

"Kwa hiyo niuzime," nikasema. "Ndivyo mnavyosema wote."

"Nani kasema uuzime? Mimi ni oveni. Moto ukizimika nifanye kazi gani? Nusu ishushe chini."

"Naishushaje?"

"Keti."

Nikaketi katikati ya mkeka, mbele ya wageni wote, mahali ambapo mke wa nyumba haketi wakati watu wanakula. Mwiba ukaachia kooni. Moto ukateremka kifuani, ukapita tumboni, ukafika magotini, nyayo zikapata joto mpaka mkeka ukaanza kunuka. Hasira haikupungua hata kidogo. Ilienea tu, ikawa sawa pande zote.

Nilipoinua macho, sebule ilikuwa imejaa wanawake. Harusi ilikuwa imeanza bila kungoja keki. Shemsa alikuwa amekalishwa kwenye mto, na mwanamke mmoja mwembamba nisiyemjua, mpaka hina wa harusi, alikuwa ameikunjua mikono yangu mapajani mwake. Alianza na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Hina ilikuwa baridi. Niliusikia ubaridi huo mimi, kutoka upande wa pili wa chumba.

Hapo nikasema.

Sipazi sauti. "Bi Sauda," nasema, "keki zile nimeoka mimi. Nazi ya kwanza ilikuwa haijakomaa vizuri, nikakuna ya pili. Ndizi zilikuwa zimepiga weusi, mama mkwe alitaka nizitupe, nikamwambia hizo ndizo zenye utamu. Machungwa ni ya kwenu Muheza. Nilikwangua ganda la juu tu, ule weupe nikauacha, maana ni mchungu. Tangawizi niliitwanga mbichi, ndiyo maana iliwawasha koo. Shemsa hakuwepo jikoni. Mwulizeni."

Wanawake wakaacha kuimba. Mpaka hina akabaki ameinamia kidole.

"Mwantumu," akasema Bi Maimuna polepole, "unatuvunjia posa."

"Posa siigusi, mama. Nataka mikono yangu. Kijana akimpenda Shemsa, amchukue na mikono yake mwenyewe. Iko kabatini, haijatumika."

Bi Sauda akamgeukia Shemsa. "Ni kweli, mwanangu?"

Shemsa akaitazama mikono iliyokuwa mapajani mwa mpaka hina. Kovu lilikuwa pale kwenye kidole gumba, watu wote wanaliona. "Kweli, shangazi," akasema. "Mimi hata yai sijawahi kupasua."

Mikono yangu haikungoja ruhusa. Ikajichomoa, ikaruka mkeka, ikarudi vifundoni mwangu na kushika barabara. Mpaka hina akaifuata kwa magoti, bakuli mkononi. "Sijamaliza," akalalamika. "Nimepaka kidole kimoja tu."

"Kinatosha," nikasema.

Ndipo Mbaraka akakohoa. Alikuwa amemaliza kutafuna. "Mimi nilijua," akasema.

Nikamtazama. "Ulijua nini?"

"Kwamba ni wewe uliyeoka. Tangawizi ya namna ile humu ndani anaitwanga nani mwingine? Nilijua tangu kipande cha kwanza."

"Na ukasema Shemsa kajitahidi."

"Nilitaka mambo yaende vizuri."

Oveni ikanyanyuka kwenye kiti. Makaa ya kilemba yalikuwa yamewaka yote, mekundu. "Sasa," ikasema, "nimepata moto."

Sikumpiga. Nilimwekea sahani tu mbele yake. "Tema," nikamwambia.

"Mke wangu."

"Tema, Baba Nasri."

Akatema vipande vyote, kimoja kimoja, vizima, vingine vikiwa bado vinatoa mvuke. Nikavipanga mpaka vikawa keki tena. Keki ikajinyoosha, ikatazama pande zote, ikasema imetendewa mengi leo na inaomba kupumzika kabla mtu hajaikata. Nikaichukua kwa mikono yangu miwili, nikaipeleka chumbani, nikailaza kitandani upande wa Mbaraka, nikaifunika shuka.

Mbaraka akasimama mlangoni. "Na mimi nilale wapi?"

"Kabatini kuna nafasi," nikasema. Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mbaraka alikuwa kitandani, anakoroma kama kawaida yake, na hakukuwa na keki yoyote. Nikatoka uani kunawa uso. Nikaminya sabuni, nikasugua, nikamwaga maji, na kitu chekundu kikabaki.

Ukucha wa kidole cha mwisho, mkono wa kushoto, ulikuwa na hina. Ilikuwa imekolea vizuri. Kwenye ngozi ya pembeni kulikuwa na mstari mmoja wa ua uliokatika katikati, kama kazi ya mtu aliyeondolewa kabla ya kumaliza. Sijapaka hina tangu alipozaliwa Nasri, mwanangu wa kwanza, na sasa Nasri anasoma sekondari.

Shemsa akatokea mlango wa jikoni, nywele hazijachanwa, anafikicha viganja. "Wifi, mikono imekufa ganzi tangu nilipoamka," akasema. Halafu akakiona kidole changu. "Umepaka hina lini?"

"Sijapaka."

Akakitazama kile kidole. Akaitazama mikono yake mwenyewe, kisha akaivuta ndani ya kanga, akaificha.

"Wifi," akasema, "baadaye nitampigia simu Bi Sauda. Nitamweleza."

Nikajifuta uso kwa upindo wa kanga, nikavuta kigoda, nikaketi.

"Mpigie sasa," nikamwambia. "Nakusikiliza."